Maneno ya Vita na Jembe Lililolala

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna waliojaliwa miguu ya safari. Mimi nilijaliwa makalio ya kukaa, na sijawahi kumlalamikia Mungu kwa mgawo huo. Kutoka Kibondo mpaka Kasulu vijana siku hizi wanakwenda na kurudi kama wanaokwenda kuchota maji, lakini kwangu mimi ni safari ya kuaga majirani. Kwa hiyo mume wangu aliponiona asubuhi ile nimejifunga kitenge na kutia mswaki kwenye mkoba bila kusukumwa, hakuuliza mara mbili. Shangazi Adera alikuwa amefariki. Nilifika Kasulu jua likiwa utosini, mawingu ya mvua za kwanza yamejikusanya upande wa Heru. Kwenye mkeka wa wafiwa, ule wanaoukalia watu wa nyumba peke yao, alikaa mama mmoja mwenye kichwa kilichonyolewa kwa wembe kikang'aa kama sufuria iliyosuguliwa mchanga. Nikaanza kujiuliza ni ndugu gani huyu nisiyemjua. Akanitazama kuanzia kandambili mpaka rasta zangu mpya, akasema, "Yusta, umenenepa kama neno lenye viambishi vinne." Nikamjua hapohapo. "Na wewe, Spesi," nikamjibu, "umebaki mzizi mtupu." Tukacheka, kisha tukalia, na wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakatutazama kama watu waliokula bangi msibani.

Ya wazazi wangu, na kwa nini nilisomea kwa shangazi, nayaacha. Ni hadithi ya kawaida na wenyewe wameshapumzika. Nauzungumzia mwaka mmoja tu, mwaka wa kidato cha nne, na chumba kimoja. Kilikuwa chumba cha nyuma, ukuta wa tofali za kuchoma usiopigwa lipu, kitanda kimoja cha kamba ambacho mimi na Spesioza tulikigawana kwa mstari usioonekana, na yeye akauheshimu kuliko mimi. Upande wa pili wa ukuta alilala Bibi, mama yake shangazi, mzee asiyejua Kiswahili zaidi ya "shikamoo" na "chumvi", na aliyekohoa kila asubuhi kwa mpangilio, mpaka tukawa tunaamkia kikohozi chake badala ya kengele. Juu ya vichwa vyetu, kwenye kenchi, ndiko yalikohifadhiwa majembe ya nyumba nzima, maana stoo ilikuwa na mchwa. Usiku wa kwanza nililala nimefunika kichwa kwa sinia. Spesi alinicheka wiki nzima.

Spesioza aliletwa na mchungaji wetu. Alisema ni binti wa waumini wa Makere, anasoma shule moja nami, na hana pa kukaa mjini. Shangazi akasema chumba kipo, maharage yapo, kazi nayo ipo. Hakuuliza zaidi, na kwa mtu kama yeye kutouliza lilikuwa jambo. Shangazi Adera alikuwa balozi wa nyumba kumi, na alijulikana mtaani kwa ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuwa na uwezo wa kusema uongo. Mgeni akimsifia mboga iliyoungua, alijibu, "Imeungua, usijilazimishe." Watu walimwogopa kwa hilo, na walimwendea kwa hilo hilo. Ugomvi wa mpaka wa shamba, ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi, mume aliyedai amelala kwa rafiki, yote yalimalizikia kwenye baraza yake, na alilosema ndilo lililoshika.

Shuleni tulikuwa na Mwalimu Shayo wa Kiingereza, aliyeletwa na serikali kutoka Kilimanjaro na kutua kwetu akiwa na redio ya betri, sweta mbili, na hofu ya maharage. Ndiye aliyeanzisha Bucha. Kila Ijumaa kipindi cha mwisho darasa liligeuka bucha: neno refu la Kiingereza linaandikwa ubaoni, mwanafunzi anaitwa, anakabidhiwa chaki ambayo siku hiyo inaitwa kisu, naye analichinja kwa mistari ya kusimama: kichwa, kiwiliwili, mkia. Kichwa ndicho kiambishi awali, kiwiliwili ndicho mzizi, mkia ndio kiambishi tamati. Siku ya kwanza tuligoma kwa woga. Yeye akaandika ubaoni "wanapigana" akauliza mzizi uko wapi. Darasa zima likajibu kwa dharau, "Pig, Mwalimu." "Mkitaka mpiganaji? Mkitaka kupigania, kupiganisha?" Tukajibu zote. "Basi nyie wachinjaji tangu ziwa la mama," akasema. "Kiingereza nacho kina mifupa. Kisu kipite kwenye kiungo tu."

Akachagua maneno ya vita. Hakuwa na nia mbaya. Redio yake mwaka ule haikuwa na kitu kingine. Ng'ambo ya mto Malagarasi kulikuwa kunawaka, malori yalipita mchana kutwa yakielekea kambini Nduta yamejaa watu, magodoro na mbuzi, na Mwalimu aliona heri tuelewe tunachokisikia. Vita, alisema, ndiyo bucha yenye nyama ya kila aina. Akatuletea "bell", mzizi wa Kilatini wa vita wenyewe: "belligerent" ni anayebeba vita mgongoni kama mtoto, "rebel" ni anayevianza upya. Akatuletea "arm", silaha. Ukiitangulizia "dis" umemnyang'anya mtu bunduki, "disarm". Akatuletea "vinc", kushinda. Ifunge kwa "in" mbele na "ible" nyuma umepata "invincible", asiyeshindika, jina ambalo Zabroni alijipachika mwenyewe palepale. Zabroni alikuwa kinara wa Bucha mpaka Spesi alipokuja. Kijana mrefu, mcheshi, mtoto wa mwenye duka, mwenye kauli za Dar es Salaam alizozipata redioni bila kufika hata Tabora.

Spesi alichinja maneno kama aliyezaliwa nayo. Alikuwa na mkono mtulivu. Alisimama kidogo mbele ya neno, akainamisha kichwa kana kwamba linamnong'oneza, halafu akapitisha chaki mara mbili, basi. Mimi nilikuwa wa aina ya kukata hovyo mpaka neno likabaki kitoweo. Nyumbani tulijikumbusha tukimenya muhogo, na Bibi, aliyekaa karibu na moto, alitaka kila neno litafsiriwe. Siku Mwalimu alipotufundisha "hostile", yaani wa kiadui, na kutueleza kwamba mzizi wake huko Rumi ya kale ulikuwa na maana ya mgeni kabla haujageuka kuwa adui, Spesi alimsimulia Bibi kwa lugha ya nyumbani. Bibi alitafuna kimyakimya, kisha akasema maneno ambayo shangazi aliyarudia kwa Kiswahili ili niyapate vizuri: "Watu hao walikuwa maskini. Mwenye chakula huwa haogopi mgeni."

Na ilikuwa kwa Bibi nilikojua Spesi katoka wapi. Kiha chetu na Kirundi cha ng'ambo ya mto ni mtoto wa mkubwa na mtoto wa mdogo. Mtu wa Singida hawezi kuvitofautisha. Ila Bibi alikuwa na sikio. Alasiri moja nilikuwa chumbani nikijifanya nasoma, nao wapo upande wa pili, Spesi anamkanda miguu. Nikasikia Bibi anasema kwa utani, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "ulimi wako umelowa. Ulivuka maji." Spesi akajibu polepole kwamba hakuvuka, alivushwa. Alikuwa mgongoni kwa mama yake, na akiulizwa hakumbuki mto, anakumbuka shingo. Baba na mama yake walikuwa wamelima Makere miaka yote hiyo, bila karatasi yoyote ya kuwaruhusu. Bibi akasema, "Ego," yaani haya, "kanda na hapa kwenye kisigino." Mazungumzo yakaishia hapo. Nami nikabaki nimeshika kitabu juu chini, nikijua kitu ambacho sikukitaka, maana miezi ile redio na wapiga mbiu walikuwa wanatangaza kwamba kila mkimbizi anayeishi vijijini bila kibali atapelekwa kambini. Na waliopelekwa kambini kutoka Makere, mitihani yao ilibaki Makere.

Bibi alifariki mwishoni mwa kiangazi, kwa adabu, asubuhi moja ambayo hatukusikia kikohozi tukachelewa shule. Kwa ukoo wetu mambo huenda hivi: watu wa nyumba hunyolewa kwa wembe, wakubwa kwa wadogo, na majembe yote hulazwa. Hakuna wa nyumba ile atakayegusa udongo mpaka siku ya kutoa jembe, ambapo wote hushuka shambani na kupiga pigo mojamoja kwa kufuata ukubwa. Hapo ndipo msiba huisha. Mpaka siku hiyo, aliyenyolewa haondolewi nyumbani, awe anadaiwa, awe anaposwa, awe na kesi. Kwa kawaida ni kama wiki mbili. Shangazi alinyolewa na jirani, kisha akashika wembe yeye. Akaninyoa mimi huku nikilia kuliko nilivyomlilia marehemu, maana nilikuwa na kichwa kibaya na nilikijua. Kisha akamnyoa mwanaye, Enea, aliyekuwa bado anafungiwa vifungo vya shati. Alipokuwa anafuta wembe, Spesi akaja akakaa chini mbele yake.

Shangazi akabaki na wembe mkononi. "We mtoto, una watu wako. Hii ni ya watu wa nyumba."

"Bibi alikuwa ananiita mwanaye," Spesi akasema. "Aliniita bure?"

Wanawake waliokuwepo wakatazama chini. Shangazi aliuangalia ule utosi kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anapima, maana kwake jambo lilikuwa kweli au si kweli, katikati hapakuwa na kiti. Halafu akachovya vidole kwenye maji, akaanza. Jumatatu tulipoingia shuleni tuko vipara vitupu vinavyong'aa, Zabroni alisimama mlangoni akatangaza, "Wananchi, trei limefika na mayai mawili." Spesi akamwambia, "Angalau sisi tutaanguliwa. Wewe ni ganda." Nilimpenda sana siku ile.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo, Spesi alimshinda Zabroni kwenye Bucha kwa mara ya tatu mfululizo. Alikwama Zabroni kwenye "demilitarise", kuondoa jeshi mahali, akakata katikati ya mfupa, na darasa likampigia makofi ya kejeli. Basi Mwalimu Shayo, bila kujua anapokanyaga, akaandika "refugee" ubaoni. Spesi ndiye aliyekuwa na chaki. Nilimwona anasimama mbele ya neno lile muda mrefu kuliko kawaida yake. Akapitisha kisu mara mbili. "Re, kurudi nyuma," akasema. "Fug, kukimbia. Na mkia wa herufi mbili, ambao unasema kwamba huyo mtu hakutenda, alitendewa." Mwalimu akafurahi, akaomba mfano wa sentensi. Zabroni akajibu kutoka nyuma, bila kunyoosha mkono, "Mwalimu, mfano wa nini, na mwenyewe kashika chaki?"

Kicheko kilianza, kikafia njiani. Huo ndio uliokuwa ubaya wake: wangeendelea kucheka ingebaki mzaha. Walinyamaza kwa sababu wote walielewa pamoja. Mwalimu Shayo alimtazama Spesi, akamtazama Zabroni, na ninaamini ndipo alipotambua anafundisha wapi. Alifuta lile neno kwa kiganja, siyo kwa dasta, akaandika lingine. "Zabroni," akasema, "njoo unichinjie 'hostile'. Utupe na maana ya zamani." Zabroni alikuja, akachinja vibaya, akarudi kukaa bila kauli hata moja ya Dar es Salaam. Lakini maneno yalishatoka dirishani. Zabroni hakwenda popote kumshtaki. Hapakuwa na haja. Darasa lilikwenda nyumbani, likala, likasimulia.

Walikuja siku chache baadaye, alasiri, watu wawili: afisa mmoja kutoka wilayani, mtu wa Singida, mpole wa sauti, shati limepigwa pasi, na mgambo, mtu mzima wa Kagerankanda, wa huku huku kwetu, aliyevaa kofia ya kijani. Shangazi alikuwa barazani anapukuchua maharage. Mimi na Spesi tulikuwa uani tunamenya muhogo, na kati yetu na wao kulikuwa na mlango wazi tu. Nilimwona Spesi anaendelea kumenya, ila kisu chake kilikuwa kinamenya muhogo uliokwishamenywa.

"Mama Balozi," afisa akasema baada ya salamu, "nimeambiwa wewe huongopi. Kwa hiyo sitazunguka. Una binti hapa anaitwa Spesioza."

"Yupo."

"Ni mwanao?"

"Sikumzaa."

"Ni ndugu yako?"

"Hatuna damu moja."

Nilikuwa namwomba Mungu ampe shangazi, kwa dakika moja tu, zawadi ya uongo aliyowagawia watu wengine kwa wingi kiasi hicho. Afisa akauliza, "Ni Mtanzania?"

"Hilo sikulishuhudia mimi," shangazi akasema, akaendelea kupukuchua. "Mimi uniulize nilichokiona."

"Umeona nini?"

"Mama yangu amefariki. Mtoto huyu nimemnyoa kwa mkono wangu, kwenye mkeka wa nyumba, watu wanaona. Majembe bado yamelala."

"Mama, kunyolewa siyo uraia."

"Siyo," shangazi akakubali. "Sijasema ndiyo."

Afisa akageuka kwa mgambo kana kwamba anaomba tafsiri. Mgambo alikuwa ameshavua kofia yake tangu aliposikia kuhusu majembe, na aliishika kifuani. "Afande," akasema, "huyo kwa sasa hatuwezi. Tukimtoa mtu aliyenyolewa, jembe halijatoka, hakuna mtaa utakaotuonesha hata njia ya kurudi. Na mimi mwenyewe," akasita kidogo, "mimi mwenyewe sitamshika."

Maharage yaliendelea kudondoka kwenye ungo. Yule afisa hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu aliyetumwa, na aliyetumwa hupenda kuambiwa tarehe. "Sawa," akasema mwishowe. "Msiba ukiisha, Mama Balozi, utakuja kuniambia wewe mwenyewe."

"Nitakuja," shangazi akasema. Na sisi wawili kule uani tulielewa kwamba amejifunga, maana ahadi ya mtu asiyejua kuongopa ni kamba.

Msiba wa wiki mbili. Mtihani ulikuwa Novemba. Mvua ilinyesha ile wiki yenyewe, mvua ya kwanza, ile inayotoa harufu ya udongo mpaka mtu unatamani kuula, na mtaa mzima ukashuka mashambani. Asubuhi tulisikia majembe pande zote, pa, pa, pa, na kwetu kimya. Siku ya kutoa jembe ilipofika, shangazi alipika, akafagia uwanja, akakaa. Majirani waliokuja kushuhudia wakauliza. "Kaka yangu wa Tabora hajafika," akasema. "Msiba wa mama hauwezi kuisha kaka mkubwa hayupo." Ikawa hivyo. Kilichokuwa kweli kabisa ni kwamba baba mkubwa hakuwa amefika. Kilichokuwa kweli pia, na nilikisikia kwa masikio yangu anamtuma dereva wa lori la tumbaku, ni kwamba alimpelekea baba mkubwa salamu: "Usije kwanza." Nilipomtazama kwa mshangao akaniambia, "Nimesema hajafika. Amefika? Kama amefika mwandalie maji ya kuoga."

Sijui kama msomaji wa mjini anaelewa kilichokuwa kinatendeka. Mkulima kukaa barazani mvua ikinyesha ni sawa na kukaa ukitazama nyumba yako inaungua na ndoo iko mkononi. Wiki ya pili ya mvua magugu yakajaa shamba letu. Wiki ya tatu mahindi ya majirani yakatoa majani mawili, matatu, yakaanza kututazama ng'ambo ya uzio. Watu wakaanza kusema. Nilisikia kisimani: Adera kachoka, Adera anajivunia ubalozi, Adera kageuka mvivu. Jirani mmoja alijitolea kumlimia, akamkatalia. Udongo ule ulikuwa umefungwa kwa wote. Akiba ya maharage ikashuka kwenye gunia mpaka ukiinama kuchota unaona kitako chake. Tukala muhogo asubuhi, muhogo mchana, na jioni shangazi akatuuliza kwa heshima tungependa kula nini, nasi tukajibu muhogo. Enea alikuwa analia. Yule mgambo alipita barabarani kila baada ya siku kadhaa, akasimama mbali, akauliza neno moja tu, "Bado?" Shangazi akamjibu, "Bado." Naye akaenda zake.

Kwa kuwa hatukuruhusiwa kulima, tulisoma. Tulikaa chumba cha nyuma chini ya majembe yale, tukachinja maneno ya vita mpaka yakaisha. Siku moja tulifika kwenye "armistice". Mwalimu alikuwa ametueleza: silaha, na mzizi wa kusimama, ule ule unaotumiwa kwa jua linaposimama angani kabla ya kugeuka. Nikasema, basi maana yake ni amani. "Siyo amani," Spesi akasema, akiangalia juu kwenye kenchi. "Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeacha. Vyuma vimesimama tu. Ndiyo hii ya shangazi." Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kuhusu chumvi, kama ningekuwa yeye ningetoroka. Nikamwambia mimi hata sokoni nakwenda kwa kubembelezwa, asiniulize habari za kutoroka. Akacheka. "Nikitoroka," akasema, "yule mama atakuwa ameongopa." Hakulisema tena.

Mtihani wa Kiingereza ulikuja. Tulikuwa na silaha za Rumi nzima kichwani. Swali la ufahamu lilihusu kilimo bora cha kahawa. Hapakuwa na vita hata kidogo, wala neno lolote la kuchinja zaidi ya "farmer". Nilimtafuta Spesi kwa macho katika kile chumba cha mtihani, nikamwona mabega yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anazuia kicheko mpaka msimamizi akamkoholea. Niseme ukweli, miaka yote tangu hapo, kila nikisikia habari za vita redioni, sisikii mizinga, nasikia chaki.

Siku ya karatasi ya mwisho tulirudi nyumbani tukamkuta baba mkubwa wa Tabora amekaa barazani anakunywa uji. Shangazi akaleta stuli, akapanda, akashusha majembe mojamoja kutoka kenchi. Tukashuka shambani kwenye magugu yaliyofika magotini, majirani wakisimama kutazama, na kila mmoja akapiga pigo lake: baba mkubwa, shangazi, mimi, Spesi, halafu Enea akisaidiwa mpini. Hapo hapo, kabla hajanawa udongo, shangazi akajifunga kanga ya pili na kushika njia ya mjini kwenda kwa yule afisa. Hakuna aliyemlazimisha. Spesi alimsindikiza mpaka kona, akarudi, akaanza kukunja nguo zake. Asubuhi lori lilikuja, likiwa limeshawabeba baba na mama yake kutoka Makere. Yule mgambo ndiye aliyempandishia sanduku. Shangazi alisimama akamwambia, "Umefaulu wewe, najua," na kwa kuwa lilitoka kwake, tuliligeuza kuwa matokeo kabla ya matokeo. Kisha akarudi shambani. Alipanda wakati wenzake wanapalilia, na mwaka ule hatukuvuna cha kuita mavuno.

Spesi alifaulu. Alifundisha watoto kambini kwa miaka, baadaye familia yao ikaapa na kupewa uraia, na siku hizi ni mwalimu wa sekondari, nasikia wanafunzi wake huita kipindi chake Bucha. Juzi tulikuwa tumekaa kwenye ule mkeka, jioni mvua imeanza kuchungulia, Enea akatuita kikao. Ni mtu mzima sasa, mfanyakazi wa Mwanza, na ruhusa yake ilikuwa fupi. "Dada zangu," akasema, "siku hizi kila mtu ana kazi. Napendekeza kesho tutoe jembe, tumalize." Moyo wangu ulimuunga mkono mara moja, nilishaanza kukiona kitanda changu cha Kibondo, na godoro lake linavyonifahamu. Enea akaongeza, kwa mzaha, "Msiba mrefu kwenye nyumba hii tulishauona. Mimi wa Bibi ninachokumbuka ni muhogo tu. Nilikuwa naambiwa shuleni mama yangu ni mvivu. Nikampigania, nikapigwa, lakini mpaka leo sijui alikuwa anangoja nini."

Nikamtazama Spesi. Nikatambua kwamba shangazi hakuwahi kumwambia mwanaye. Spesi alipapasa kipara chake, akasema, "Alikuwa ananingoja mimi nimalize mtihani." Akamsimulia, kwa ufupi, bila kupamba: mkeka, afisa, mgambo na swali lake. Enea alisikiliza akiangalia shamba la mama yake, ambalo mvua ilikuwa imeanza kulipiga. Spesi alipomaliza, Enea akainuka, akayachukua yale majembe aliyokuwa ameshayapanga ukutani tayari kwa kesho, akaingia nayo ndani, na tukamsikia anapanda stuli ya chumba cha nyuma, kuyalaza tena kwenye kenchi.

Nikaanza kufumua rasta zangu, ambazo hazikuwa zimemaliza hata wiki. Spesi akachovya vidole kwenye maji, akashika wembe, akanisukuma kichwa mbele bila huruma. "Tulia, we yai," akasema. Simu yangu ikalia kwenye mkoba. Alikuwa mume wangu, nyumba imemshinda, maharage yameungua, anataka kujua kama msiba umeisha nirudi.

"Bado," nikamwambia.